Uyoga Uje na Mguu Wake

Subira yangu iliisha saa tatu asubuhi, kwenye korido ya hospitali, nikiwa na mtoto mgongoni na ndala moja mguuni, nyingine ilikatikia njiani. Nesi alikuwa ameshika fomu. Alishaandika jina la mgonjwa, Godeliva, na umri wa kukisia. Alipofika kwenye mstari wa kazi akainua macho, akamuuliza bosi wangu Shabani, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaingia: "Huyu ni mfanyakazi wako?"

"Huyu mama simjui," akasema Shabani. "Hawa wakimbizi wanaokota chochote porini wanakula. Labda aliwahi kupita dukani kununua chumvi."

Nesi akachora kistari pale kwenye kazi. Kistari kifupi tu, akaendelea na mstari unaofuata. Miaka tisa ya mtu ikaishia pale.

Nilivua aproni, nikaikunja, nikamwekea Shabani mikononi. Nikamwambia, "Basi hata mimi hunijui. Tafuta wa kukupikia." Mengine niliyomwambia siyaandiki, mtoto wangu atajifunza kusoma siku moja.

Hivyo ndivyo nilivyostaafu, nikiwa na miaka thelathini. Chekeni kwanza, halafu tuendelee. Zuhura na Josefina, wasichana wapya wa duka, mmeniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa, kwa sababu aliyepaswa kuwaonyesha hayupo tena dukani. Nimechoka, na mwandiko wangu wa kidato cha nne mnaujua, lakini nitaandika. Someni mkiwa mmekaa.

Niliingia duka lile nikiwa na miaka kumi na tisa. Matokeo ya mtihani yalikuwa yametoka, na mama aliyatazama kisha akasema, "Haya, sasa ukatafute kazi." Duka lilikuwa la Mzee Rajabu, pale Ujiji, na watu waliliita duka la mlimani ingawa kutoka mlangoni unaliona ziwa. Mbele aliuza vyakula vya msimu vinavyoshuka kutoka vilimani. Nyuma kulikuwa na jiko na meza nne, na humo tulipika kile kile tulichouza. Mzee alikuwa na sheria moja: kisichokuwa na msimu hakipikwi. Mteja akitaka uyoga mbichi mwezi wa saba, Mzee alimwambia akaongee na mvua.

Siku ya kwanza aliniweka mbele ya madumu sita ya mawese kutoka Ilagala, akaniambia nichague moja la kupikia. Nikachagua lililong'aa, jekundu, zuri kama la kwenye picha. Mzee akatikisa kichwa.

"Umechagua kwa macho, binti. Mawese hayachaguliwi kwa macho."

Akachovya kidole, akasugua kiganjani, akaninusisha. Lile zuri lilikuwa limechemshwa mara mbili ili kuficha uchachu. Wiki nzima nilinusa mafuta mpaka chakula cha nyumbani kikanuka mawese. Mama akauliza kama nimepata kazi au nimepata ugonjwa.

Mwaka wa dukani haufuati kalenda ya ukutani, na hili nilichelewa kulielewa. Mvua za kwanza zikipiga, kumbikumbi wanaruka, na siku mbili tu zinatosha kujaza duka zima: mnawakaanga kwenye kikaango kikavu bila tone la mafuta, wanajitoa mafuta wenyewe, chumvi mwishoni. Baada yao unakuja uyoga. Ukiisha uyoga yanakuja maharage mabichi, ambayo wanawake wa kijiji cha Simbo huyaleta yakiwa bado kwenye maganda. Kiangazi ni asali ya porini, mabungo, na uyoga mkavu mlioutunza wenyewe. Sombe, majani ya muhogo, ipo mwaka mzima, asante Mungu, maana bila sombe mji huu ungekufa njaa kwa kiburi cha kuchagua. Dagaa hatukuwategemea. Mzee alisema dagaa wana maduka yao, na mwenye haraka aende huko ufukweni akale na mchanga.

Mama Godeliva alikuja mwaka wangu wa pili. Alikuwa ametoka Burundi, amepewa kibanda kambini yeye na watoto wake wawili wakubwa, na alikuwa na kibali cha kutoka cha siku chache. Alisimama mlangoni akatazama kapu la uyoga nililokuwa nalichambua. Hakuomba kitu. Alisalimia tu kwa Kirundi, "Amahoro," kisha akaniuliza, "Mwana wanje, mwanangu, huu umeuosha?"

Nilikuwa nimeuosha. Siyo kuosha tu, nilikuwa nimeukata miguu yote, ukabaki vichwa vyeupe, safi, umepangwa kama mayai. Kuna mteja alilalamika kwamba uyoga wetu una udongo na mimi nikataka kumfurahisha. Nilijibu kwa majivuno kwamba ndiyo, nimeuosha.

"Haya. Sasa niambie upi ni upi."

"Wote ni wa kichuguu."

"Nani kakwambia?"

Akaingia bila kukaribishwa, akalishika lile kapu, akaenda kulimwaga lote kwenye shimo la taka. Nilipiga kelele mpaka Mzee Rajabu akatoka na bakuli mkononi. Alisikiliza pande zote mbili. Kisha akamuuliza mgeni kama anaweza kurudi kesho. Mimi hakuniuliza chochote, na bakuli langu la mchana siku hiyo nilijipakulia mwenyewe, ingawa siku nyingine Mzee ndiye aliyenipakulia.

Aliyonifundisha ni haya, na kama mtasahau yote katika barua hii msisahau hapa. Uyoga wa kichuguu una mguu mrefu unaochongoka chini kama mkia wa panya, kwa sababu mzizi wake unatoka ndani kabisa ya kichuguu. Unauchimba, hauung'oi. Kuna mwingine mweupe kama huo, una kichwa kama hicho, harufu yake haina ubaya, ila mguu wake chini ni mviringo na umekaa ndani ya kikombe, kama yai lililopasuka. Huo unaua. Na hauui papo hapo. Unakuacha ulale vizuri, ukiamka ndiyo shughuli inaanza. Ukikata mguu, hiyo miwili ni mapacha. Mimi, mama yenu, na mganga yeyote hatutaitofautisha.

Kwa hiyo duka likawa na desturi yake. Uyoga uje na mguu wake na udongo wake. Aliyeuchuma aulete mwenyewe, siyo mtu wa kati. Mchumaji akifika, Godeliva anachagua konzi moja, ujazo wa kiganja, kutoka chini ya kapu, siyo juu, anaipika na kitunguu na mawese kidogo, na wanakula wawili, yeye na mchumaji, kwenye sahani moja. Kapu linalala. Asubuhi mchumaji akija kwa miguu yake kuchukua haki yake, kapu linafunguliwa. Wateja walinung'unika kwamba tunawauzia uyoga wa jana. Godeliva alikuwa anawajibu, "Wa jana ndiyo unaojulikana."

Wageni walidhani ni ushirikina. Haukuwa ushirikina, ilikuwa kazi, tena ngumu. Akina mama wa Simbo waliielewa mara moja na wakaipenda, kwa kuwa walipata chakula cha jioni cha bure. Kuna mmoja, kila akiona Godeliva anapika konzi, alikuwa anamtania: "Ongeza, Mrundi! Hiyo sumu haitoshi watu wawili." Na Godeliva naye: "Wewe Muha, hata sumu unataka ujaze sahani."

Halafu ikaja ile miaka ambayo ziwa lilikuwa linaleta watu. Maboti ya wakimbizi kutoka ng'ambo ya ziwa yalifika Bangwe yamejaa mpaka huoni mbao, na nyuma ya watu yakafuata magari meupe yenye bendera. Mji ukajaa wageni wa ofisi, wenye haraka na hamu ya kula "cha asili". Walimaliza uyoga wa wiki kwa siku moja. Na huko porini waliingia wachumaji wapya, wasichana wa ng'ambo wasioijua misitu yetu. Kwao mweupe wa namna fulani unaliwa. Hapa wakamwona ndugu yake, wakamchuma kwa furaha. Huwezi kuwalaumu, hata mimi ningefika kwao ningeokota kitu nikifikiri nakijua. Msimu mmoja Godeliva alirudisha makapu saba. Kila msichana alikalishwa chini, akaonyeshwa mkia wa panya na kikombe, mmoja kila mkono, mpaka aweze kusema mwenyewe. Hakuna aliyekufa. Andikeni hilo mahali: misimu tisa, hakuna aliyekufa wala aliyeharisha kwa uyoga wa duka lile.

Mwanangu Neema alizaliwa katikati ya hayo yote. Baba yake alikwenda Mwanza kutafuta maisha, inaonekana bado anayatafuta. Nilimleta dukani akiwa na miezi mitatu. Alipoanza kula, alijua muda wa konzi kuliko mimi. Alikuwa anatambaa mpaka kwenye sahani, na Godeliva alimchovyea kipande kwenye mchuzi, cha uyoga ambao tayari umelala na kupita. Wa siku hiyo hakumpa hata mara moja.

Mwaka jana Mzee Rajabu alipooza upande mmoja, na duka likashikwa na mwanawe Shabani, aliyerudi kutoka Dar. Sisemi Shabani alikuwa mtu mbaya tangu mwanzo. Alikuwa mtu wa haraka. Alipaka duka rangi, akaandika menyu moja ya mwaka mzima ukutani, uyoga juu kabisa. Nikamwambia mwezi wa saba hakuna. Akasema, "Dada, wewe pika." Kisha akasema wateja hawataki udongo, na akaanza kupokea mzigo kutoka kwa mtu wa baiskeli aliyekusanya kwa yeyote, kokote.

Jambo moja zaidi. Kibali cha Godeliva kilikuwa kinaombewa upya na Mzee kila kilipoisha. Shabani alikiacha kiishe. Hakusahau. Nilimkumbusha mara tatu, mara ya tatu akatabasamu.

Siku yenyewe, mtu wa baiskeli alileta makapu mawili saa nane mchana. Vichwa vyeupe vitupu, vimeoshwa, vimefunikwa majani ya mgomba. Godeliva alifunua, akafunika tena.

"Miguu iko wapi?"

"Nimekusafishia, mama."

"Aliyechuma yuko wapi?"

"Wako wengi. Yuko huko huko."

"Reka, acha. Rudisha."

Shabani akatoka ndani. Jioni hiyo alikuwa na kundi la watu wa ofisi, meza zote nne zimechukuliwa. "Mama, watu wanakuja kula chakula. Hawaji kula udongo."

"Bwana Shabani, udongo ndiyo kitambulisho chake."

"Na chako kiko wapi?" akasema Shabani.

Mtu wa baiskeli alicheka. Mimi nilikuwa nakata vitunguu, na naomba mnisamehe, sikusema kitu. Nilikuwa na kisu mkononi, mtoto miguuni, na kodi ya chumba kichwani, nikaendelea kukata. Hilo nalo ni sehemu ya kumbukumbu za kazi.

"Una uzoefu, si ndiyo?" Shabani akaendelea. "Onja. Ukiwa mzuri tunapika. Ukikataa, gari la kambini linapita kesho, nitawaambia wakusaidie usafiri."

Godeliva akaosha mikono kama kila siku, akachukua konzi kutoka chini ya kapu, akapika. Neema alisikia harufu, akaja mbio na mkono mbele. Godeliva akausukuma ule mkono, kwa nguvu, mtoto akakaa chini akalia.

"Oya, Neema. Leo hapana." Akanitazama mimi. "Mwondoe. Huu ninakula peke yangu."

Alikula sahani yote. Shabani akasimama pale na mikono kiunoni, halafu akasema, "Mnaona? Mzima."

"Kesho asubuhi," akasema Godeliva. "Desturi ni kesho asubuhi. Mimi nimekula, sasa na wewe subiri."

Akatoka, hakugeuka. Hapo ndipo niliposhtuka. Niliingiza makapu yote mawili stoo, nikafunga kufuli, ufunguo nikautia kwenye sidiria. Wateja walikula sombe. Shabani alinitukana mpaka duka likafungwa, lakini alikuwa bado na haya ya kumpekua mwanamke.

Asubuhi Godeliva hakuja. Nilimkuta kwenye chumba alichopewa na Mzee nyuma ya duka, amejikunja kwenye mkeka, ndoo imejaa matapishi. Alijaribu kuninong'oneza ni kapu lipi. Nikamwambia najua. Tulimbeba kwa baiskeli, mimi nashika mgongo, jirani anasukuma, ndala ikakatika. Yaliyotokea hospitali nimeshasema.

Kutoka korido ile nilirudi moja kwa moja dukani, maana nilikumbuka kwamba nilipokuwa natafuta khanga ya kumfunika nilidondosha ufunguo mezani. Zuhura, ulikuwa uani unaanika. Ulikuwa umetandika shuka na kupanga vile vichwa vyeupe mstari mmoja mmoja, kwa unadhifu, na ulikuwa unaimba. Nikakuuliza nani kasema. Ukanijibu, "Bosi kapiga simu. Kasema ukikauka nichanganye na gunia la uyoga mkavu, jua linatoa sumu."

Jua halitoi sumu. Maji ya moto hayatoi. Mawese hayatoi. Uyoga ule ukikauka unakuwa mdogo tu, sumu ni ile ile. Sikulaumu, hujafundishwa, na aliyekuwa akufundishe alikuwa na mpira wa dripu mkononi. Nilikunja shuka lote, nikalimwaga chooni mbele ya mtu aliyekuja kununua maharage. Vichwa vitatu nikavifunga kwenye karatasi.

Godeliva alilala hospitali siku sita. Siku ya tatu aliamka akasema ana nafuu, akaomba uji, na daktari kijana akafurahi. Siku ya nne macho yakawa ya njano. Siku ya sita gari lilikuja kumrudisha kambini, kwa kuwa kwenye fomu hakuwa na kazi, hakuwa na mwenyeji, na kibali kilikuwa kimeisha. Nilimshikia mkono mpaka mlango wa gari. Hakulia. Aliniuliza kama Neema anakula.

"Anakula."

"Yule mtu wa baiskeli bado anakuja?"

"Bado anakuja."

"Basi sijamaliza kazi," akasema, na gari likaondoka.

Habari niliyopata mwisho ni kwamba yupo hai, hawezi kula mafuta, na akisimama anashika ukuta. Shabani amepata mpishi mwingine. Baiskeli bado inakuja. Ndiyo maana nilikwenda ofisi ya afya ya manispaa, mara tatu. Mara ya kwanza karani aliniambia mlalamikaji lazima awe mgonjwa mwenyewe. Mara ya pili aliniambia mkimbizi ana ofisi zake. Mara ya tatu nilikaa kwenye benchi na Neema, Neema akakojoa kwenye zulia, na karani akasema, "Haya mama, andika, lete." Kwenye jalada lao amegonga muhuri wa kupokelewa, nimeuona kwa macho yangu. Nawanakilia nilichoandika, ili na nyinyi mjue kipo.

*

Kwa Afisa Afya wa Manispaa.

Yah: Uyoga unaouzwa bila mguu, na mgonjwa aliyeandikwa hana kazi.

Mimi niliyetia sahihi hapa chini nilikuwa mpishi wa duka la vyakula vya mlimani, Ujiji, kwa miaka kumi na moja.

Nalalamika kwamba duka hilo linapokea uyoga uliokatwa mguu na kuoshwa, kutoka kwa mtu asiyeuchuma. Uyoga wa namna hiyo hakuna mtu anayeweza kuutambua. Naomba upigwe marufuku leo, siyo msimu ujao, kwa kuwa mvua bado zinanyesha.

Nalalamika kwamba mwenye duka alimlazimisha mfanyakazi wake kuula, kwa kumtishia kibali ambacho yeye mwenyewe alikiacha kiishe. Mimi nilikuwepo, nilisikia, na sikusema kitu. Hilo pia liandikwe.

Naambatanisha vielelezo viwili. Cha kwanza ni vichwa vitatu kutoka kwenye kapu lile. Visiguswe na mtoto. Cha pili ni uyoga mmoja wa kichuguu wenye mguu wake na udongo wake, nilioufuata Simbo jana. Afisa aviweke pamoja mezani, kisha aniambie upi ni upi kabla hajatazama chini.

Mwisho, naomba fomu ya hospitali irekebishwe. Kwenye kazi ya mgonjwa kuna kistari. Kifutwe. Iandikwe: mchambuzi wa uyoga, miaka tisa, hakuna mteja aliyedhurika.

Fomu yenu inauliza uhusiano wangu na mgonjwa. Si ndugu yangu, si kabila langu, na hatukuzaliwa nchi moja.

Mimi ni mwanafunzi wake.

Restituta, Mama Neema.